Boti ya injini ndani, mguu nje: inaingiza maji usiku, nimebadilisha belosi na bado. Tusaidiane

Kunduchi_Pwani (mleta uzi)

Wakuu, habari za leo.

Nina boti ya faiba ya futi 21, ya mwaka 1994, niliinunua mtumba kutoka Dubai miaka mitatu iliyopita. Injini ni MerCruiser 4.3, V6 ya petroli, na mguu ni Alpha One kizazi cha pili. Kwa wasiozijua: boti za namna hii injini inakaa ndani, tezi (nyuma) kabisa, na mguu wenye propela unaning'inia nje. Kati yao kuna ukuta wa tezi uliotobolewa tundu kubwa, na kwenye tundu hilo vinapita shafti, ekzosi, maji ya kupoza injini, kebo ya gia na usukani. Boti ikitulia, sehemu kubwa ya tundu hilo iko chini ya maji. Kinachozuia bahari isiingie ni mipira na gasketi tu.

Tatizo langu: nikiiacha nangani jioni, asubuhi nakuta maji kwenye ngama, pale chini kabisa ndani ya boti. Nimepima kwa ndoo, ni ndoo moja na nusu ya lita 20. Nikamwita fundi, akaangalia kwa dakika tano, akasema ni belosi, ule mpira mkubwa wa mikunjo unaofunika krosi za shafti (viungo vinavyoiwezesha shafti kupinda). Tukavua mguu, tukabadilisha. Spea na ufundi vilinigharimu laki nne na nusu. Nikairudisha majini nikiwa na furaha kabisa. Asubuhi yake ndoo moja na nusu, vilevile.

Pampu ya ngama ipo na inafanya kazi, lakini silali vizuri. Betri ikiisha nguvu siku nikiwa safarini, nitakuta antena tu juu ya maji. Nisaidieni.

---

Fundi_Mtwapa

Pole sana ndugu yangu. Kwanza funga pochi. Usinunue kitu kingine chochote mpaka ujue maji yanaingia SAA NGAPI.

Nafanya kazi hii huku Mtwapa kwa miaka mingi, boti za uvuvi wa michezo nyingi za zamani ni za mtindo huu. Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kuuliza "yanapitia wapi" kabla ya kuuliza "yanaingia lini". Ukishajua lini, nusu ya sehemu za kushuku zimejiondoa zenyewe.

Nijibu haya:

Boti ikiwa nangani, injini imezimwa, inaingiza? Kama ndiyo, tafuta kitu kilicho chini ya mstari wa maji na kisichohitaji injini: mipira ya mguu, gasketi ya ukuta wa tezi, nguruzi (kizibo cha tundu la kutolea maji), skrubu zozote zilizopigwa chini, tundu la kipima kina.

Injini ikiunguruma boti imesimama, maji yanaongezeka? Hapo ni mfumo wa kupoza: paipu, klipu, sili ya pampu, gasketi za manifodi na raiza (njia za ekzosi kwenye injini), vizibo vya chuma ubavuni mwa injini vilivyooza kwa kutu.

Inaingiza ikikimbia tu? Hapo kuna mengi. Tezi inazama ukipiga mafuta, kwa hiyo matundu ambayo kwa kawaida yako juu ya maji yanakuwa chini. Maji pia yanapiga mguu kwa nguvu na kupanda kwenye pini ya usukani. Hata ngazi ya kuogelea iliyofungwa kwa skrubu nne inaweza kuwa mlango.

La nne, mvua. Usicheke, nimeona mtu anavua mguu kumbe kifuniko cha injini kimepasuka pembeni na maji yote ni ya masika. Kwa hiyo chovya kidole uonje. Chumvi au baridi? Kama ngama ina mafuta, usionje. Harufu ya petroli ikiwepo, usiwashe hata swichi. Fungua vifuniko, acha hewa ipite. Na kabla ya kuwasha injini ya petroli ya ndani, feni ya kuvuta mvuke iende si chini ya dakika 4. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unalala chini kwenye ngama ukisubiri cheche.

---

Ziwa_Mwanza

Ndugu Fundi, hapo kwenye kuonja sisi wa ziwani umetuacha. Maji ya Ziwa Viktoria na ya mvua, ladha ni ile ile.

Nami nina kesi yangu, naomba niichomeke hapa. Boti yangu ina Volvo Penta ya zamani, mguu wa 290. Yangu ikilala gatini haiingizi hata tone. Nikitembea nusu saa napata kama lita tano. Nimekaza klipu zote ninazozifikia.

---

Fundi_Mtwapa

Ziwa_Mwanza, kwenu tumia rangi ya chakula. Paka sehemu moja unayoishuku kwa nje, subiri, tazama kama rangi inatokea ndani. Moja baada ya nyingine, usipake tatu kwa pamoja.

Ila yako wewe ni ya injini kuzunguka, na hapo kuna tofauti kubwa kati ya boti yako na ya mwenzako wa Kunduchi. Alpha One pampu yake ya maji iko ndani ya mguu. Maana yake, paipu inayoleta maji ndani inasukumwa. Ikiwa na ufa, inatema injini ikiwaka. Volvo yako pampu iko kwenye injini. Paipu kutoka kwenye mguu mpaka kwenye pampu INANYONYA. Ikiwa na ufa, injini ikiwaka inavuta hewa badala ya kutema maji, na utaona joto linapanda bila sababu. Ukizima ndipo inavuja, kama ufa uko chini ya usawa wa maji. Sasa wewe ukizima haivuji. Kwa hiyo anza kwenye pampu yenyewe na kila kitu kilicho baada yake. Safisha, kausha, paka unga wa chaki chini ya pampu, washa, kaa na tochi.

Usivae shati la mikono mirefu ukichungulia karibu na mkanda unaozunguka.

---

Mswahili_Muscat

Salaam kutoka Muscat. Nauza spea za boti huku, na wateja wengi ni wa nyumbani.

Mleta uzi, boti iliyokaa Dubai mipira yake imepikwa na jua. Ukinunua mtumba kutoka Ghuba, hesabu mipira yote kama iliyokufa hata kama inaonekana mizima. Belosi ngumu inapasuka ndani ya mkunjo, mahali usipopaona mpaka uinue mguu na kukata usukani mpaka mwisho, kisha uifungue mikunjo kwa vidole.

Nataka kusahihisha jambo ninaloulizwa kila wiki. Mguu wa Alpha una mipira mitatu, si mmoja. Mkubwa ni wa krosi. Wa pili ni wa ekzosi. Wa tatu ni mdogo kama kidole gumba, wa kebo ya gia. Watu wanauogopa ule wa ekzosi kwa sababu ndio unaoonekana umechanika. Lakini huo ukichanika hauzamishi boti: ndani yake ni njia ya moshi ambayo tayari ina maji. Unapata kelele na moshi unatoka mahali pengine, basi. Ya kuzamisha ni hiyo miwili mingine.

Kaka, wakati fundi wako amevua mguu, alibadilisha na ule mdogo?

---

Kunduchi_Pwani

Swali hilo limenichoma. Hapana. Alibadilisha mkubwa tu. Alisema mdogo "uko poa".

Majibu kwa Fundi_Mtwapa: maji ni ya chumvi kabisa. Yanaingia injini ikiwa imezimwa, boti imetulia. Leo nimeikausha ngama kwa sponji na vitambaa mpaka chini ya injini, nikatandaza magazeti vipande vipande na kuandika namba: 1 omo (mbele), 2 katikati, 3 chini ya injini, 4 tezi kulia, 5 tezi kushoto. Nimezima pampu nikalala humo humo. Saa 3 usiku namba 5 ililowa. Dakika chache baadaye namba 3. Omo na katikati vikavu mpaka nilipoacha kuangalia.

Lakini namba 4 nayo imelowa pembeni, kidogo, kama jasho. Sijui kama ni maji yale yale yamesambaa.

---

Fundi_Mtwapa

Kazi nzuri sana. Kulala ndani ya boti na magazeti, hiyo ni kazi ya fundi kamili.

Sasa niambie, unapoiacha nangani mguu unauweka juu au chini?

---

Kunduchi_Pwani

Juu. Nauinua ili viumbe vya bahari visishike sana, na maji yakipwa usiguse mchanga.

---

Fundi_Mtwapa

Fanya hivi usiku nne mfululizo, na usibadilishe kitu kingine. Usiku wa kwanza mguu juu, usukani katikati. Wa pili mguu chini, usukani katikati. Wa tatu mguu chini, usukani umekatwa kushoto mpaka mwisho. Wa nne, kulia mpaka mwisho. Kila asubuhi pima kwa kikombe cha lita, andika.

Sababu yake: tundu la nguruzi au skrubu iliyoko kwenye faiba haijui mguu umekaaje. Itavuja kiasi kile kile usiku wote nne. Mpira wa mikunjo unajua. Mguu ukiwa juu mikunjo ya chini inafunguka, ukiwa chini inafumba. Ukikata kona, upande mmoja unanyooka na mwingine unabanana. Ufa uliofichwa ndani ya mkunjo utatema zaidi pale unapofunguliwa.

Kuna faida nyingine: mguu kukaa juu wiki nzima unaifanya mipira izoee kunyooka na kupasuka mapema. Kama kina kinaruhusu, uache chini. Viumbe vya bahari utavikwangua, mpira hutaukwangua.

---

Ziwa_Mwanza

Naomba kuuliza jambo la msingi. Babu yangu alikuwa na mashua ya mbao. Ikikaa nchi kavu ikirudi majini inavuja siku mbili, halafu mbao zinakunywa maji, zinavimba na kufumba. Hizi za faiba kwa nini zisijifumbe hata kidogo?

---

Fundi_Mtwapa

Swali zuri na linaua boti nyingi, kwa sababu watu wanasubiri ijifumbe. Mbao ya mashua inavimba, kalafati inabanwa, chombo kinafunga. Faiba haivimbi. Lakini ndani ya faiba, hasa boti za Marekani za miaka ya 80 na 90, ukuta wa tezi una plaiwudi katikati, umefunikwa faiba huku na huku. Maji yakipenya kwenye skrubu moja, plaiwudi inavimba kweli, halafu inaoza, na hapo ukuta uliobeba mguu na nusu ya uzito wa injini unakuwa kama mkate uliolowa. Faiba ya nje inabaki inang'aa, hujui kitu.

Kwa hiyo uvujaji mdogo wa skrubu usiupuuze hata kama ni glasi moja kwa siku. Hiyo glasi haikuzamishi leo. Inakula ukuta.

---

Kunduchi_Pwani

Mrejesho, wakuu. Usiku nne zimekwisha, kila usiku kwa muda wa saa 10:

Mguu juu, usukani katikati: lita 30.
Mguu chini, usukani katikati: lita 11.
Mguu chini, usukani kushoto: lita 9.
Mguu chini, usukani kulia: lita 19.

Nilipoziona hizo namba nilikaa kwenye ukingo wa boti nikacheka kwa furaha. Miezi mitatu nimekuwa nikihangaika nalo, na kumbe jibu lilikuwa kwenye kikombe cha lita.

---

Fundi_Mtwapa

Alhamdulillah. Mpira, ndugu. Namba haziwezi kupanda na kushuka hivyo kwa sababu ya skrubu.

Lakini angalia tena: hata ulipoipata nafuu kabisa bado ni lita 9. Inawezekana ni ufa ule ule haufumbi kabisa, au kuna uvujaji wa pili ambao hauujali mguu. Gazeti lako namba 4 bado linanisumbua.

Sasa kuna mipira miwili ya kuchagua. Mkubwa ni mpya, ingawa mpya haina maana umekaa sawa. Kwenye mdomo wake kuna ukingo unaotakiwa kukaa ndani ya mfereji wa chuma. Ukipanda juu ya mfereji, klipu itabana na bado utavuja. Ule mdogo ni wa tangu Dubai.

Utofautishe hivi. Maji yakipitia mkubwa, yanakutana na krosi, halafu beringi ya gimbali (inayoshika shafti pale ukutani), ndipo yaingie ndani kupitia kwenye shafti, nyuma ya kapla (kiungo cha shafti na injini). Yakianza kukimbizwa na shafti yanaacha mstari wa kutu umerushwa duara kuzunguka hapo. Na beringi ikishaonja chumvi inaanza kunguruma, hasa ukikata kona. Maji yakipitia mdogo, yanafuata kebo ya gia na kutokea pale kebo inapoingia ndani, chini nyuma ya injini. Hupaoni kwa macho. Tumia simu: weka video, washa taa yake, ishushe mkono mzima, kisha itazame.

---

Mswahili_Muscat

Naongeza: kebo yenyewe inaweza kubeba maji ndani ya ganda lake kama ganda limechubuka. Hapo maji hayatokei ukutani, yanadondokea mwisho wa kebo karibu na bamba la gia kwenye injini. Watu wengi wamebadilisha mpira wakaacha kebo, wakarudi dukani kwangu wiki ya pili.

---

Kunduchi_Pwani

Mrejesho wa pili, huu ni mrefu, mnivumilie.

Nilisubiri bamvua, yale maji makubwa yanayojaa na kupwa sana. Huku kwetu ufukwe ni mpana, maji ya bamvua yakipwa yanaondoka mbali sana, na wazee wa hapa wanatengeneza majahazi yao hivyo hivyo tangu zamani. Niliileta boti maji yakiwa yamejaa, mguu juu, nikaiacha ipwelewe. Mzee mmoja jirani akanikopesha gadi nne za kuiegemeza isilale ubavu, na akanionyesha jinsi ya kuzichimbia mchanga. Pwani yetu ina watu wema.

Kwanza ndani. Simu na taa, kama Fundi alivyosema. Nyuma ya kapla pakavu, hakuna kutu iliyorushwa. Nilitia kidole kwenye mkunjo wa mpira mkubwa kwa nje, mlaini, mpya. Kebo ya gia sasa: pale inapotokea ukutani kuna michirizi meupe ya chumvi inayoshuka mpaka kwenye ngama upande wa kushoto. Pale pale kwenye gazeti namba 5. Nikatoka nje, nikaukunja ule mpira mdogo kwa kidole. Ulifunguka kama mdomo wa samaki. Ufa uko upande wa chini na kushoto, ndiyo maana usukani kulia na mguu juu vilikuwa vibaya zaidi.

Halafu namba 4. Boti ikiwa nchi kavu nikamwaga maji NDANI ya ngama kwa ndoo, lita 60 hivi, mpaka sentimita kama 10 tezi. Nilihakikisha hayafiki kwenye stata wala flaiwili, na gadi zilikuwa zimekaza, maana lita 60 ni kilo 60 zimeongezeka sehemu moja. Nikakausha tezi kwa nje na kitambaa, nikakaa kwenye mchanga kutazama. Dakika kumi hakuna kitu. Nguruzi kavu. Halafu kwenye bamba la kipima kina, skrubu ya chini ikatoa tone. Tone la rangi ya chai.

Rangi ya chai, wakuu. Nilijua mara moja kutokana na alichoandika Fundi. Nikaitoa skrubu kwa vidole, bila bisibisi.

---

Fundi_Mtwapa

Hiyo rangi ni plaiwudi inalia. Pole, lakini umeiwahi.

Chukua nyundo ndogo, ugonge ukuta wote kwa mpini wake, sentimita tano tano. Pazima panalia "ko". Palipooza panalia kama unagonga gunia. Chora mpaka kwa penseli. Kama ni mduara wa kiganja kuzunguka skrubu, unakwangua mbao laini, unaacha pakauke kabisa (siku kadhaa, si mchana mmoja), unajaza epoksi, unatoboa upya ndani ya epoksi ili skrubu isiguse mbao tena, na unaweka gundi ya baharini kwenye uzi wa skrubu na chini ya bamba. Kama umefika kwenye boliti za mguu, simamisha kila kitu. Hiyo inakuwa kazi ya kutoa injini.

Silikoni ya bafuni usiiguse. Haishiki vizuri chini ya maji, na ikishapakwa, gundi nzuri haikubali kushika pale tena.

---

Kunduchi_Pwani

Nimegonga. Ni kiganja kimoja na nusu, haujafika kwenye boliti. Nimefarijika sana.

---

Mswahili_Muscat

Kaka, kwa kuwa mguu utavuliwa tena, usirudie kosa la mwanzo. Badilisha mpira mdogo, kebo ya gia ya chini, gasketi kati ya mguu na kikombe cha katikati (kile chuma kinachobeba mguu) pamoja na ringi yake ya njia ya maji, na impela ya pampu ya maji kama ina zaidi ya msimu mmoja. Beringi ya gimbali izungushe kwa vidole. Ikikwaruza hata kidogo, toa. Kinachogharimu ni kuvua na kurudisha, spea zenyewe ni sehemu ndogo. Wenye Volvo Penta wengi hubadilisha mipira kila miaka 2 bila kungoja ipasuke. Nauza spea lakini nakwambia kama ndugu.

---

Fundi_Mtwapa

Na ili wanaosoma waelewe kwa nini tunasisitiza mpira mdogo hivi, nimepiga hesabu. Tundu la sentimita 2.5, sentimita 30 chini ya maji, linaingiza zaidi ya lita 40 kwa dakika. Pampu ya ngama iliyoandikwa galoni 500 kwa saa, hata ikifanya kazi kama ilivyoandikwa, inatoa kama lita 31 kwa dakika, na ikiwa na paipu ndefu ya kupandisha maji inatoa pungufu ya hapo. Kwa hiyo mpira ukichanika wote, pampu inapunguza kasi ya kuzama tu. Inakununulia muda.

Kuhusu kazi yenyewe: kutoa kikombe cha katikati unahitaji kifaa maalumu cha zile pini za bawaba, usilazimishe kwa bisibisi na nyundo. Mguu ukiwa nje, pima mstari wa injini kwa ile fimbo ya kupimia. Fimbo isipoteleza mpaka ndani kwenye kapla kwa mkono, injini imeshuka, na beringi mpya itakufa mapema. Ukiwa chini ya mguu, usiamini mafuta ya trimu (mfumo wa kuinua mguu) yaushikilie. Weka gogo.

---

Kunduchi_Pwani

Mrejesho wa tatu. Imechukua wiki mbili na nusu kwa sababu ya kusubiri epoksi ikauke na bamvua irudi.

Nilimpata fundi mwingine, kijana makini, nikamwonyesha uzi huu kwenye simu. Tumebadilisha mpira mdogo, kebo, gasketi na impela. Kebo ya zamani tulipoikata, waya wake wa ndani ulikuwa na kutu urefu wa mkono. Ndiyo maana gia ilikuwa ngumu! Nilidhani ni uzee tu wa boti. Beringi ilikuwa nzima, tumeipiga grisi. Fimbo ya mstari iliingia laini.

Jana maji yalipojaa boti ikaelea yenyewe. Nimekaa humo saa mbili, kifuniko cha injini wazi, tochi mkononi. Usiku nikatandaza magazeti yale yale kwa namba zile zile, pampu nimezima. Leo alfajiri yote matano makavu. Namba 4 nimeiokota nikaisoma.

Halafu nimetembea nayo hadi kisiwa cha Mbudya na kurudi. Baada ya safari kuna kama vijiko vitatu vya maji chini ya mkono wa usukani, juu kabisa ya ukuta. Nikisimama yanakoma.

---

Fundi_Mtwapa

Hiyo ni sili ya pini ya usukani, juu. Ni maji yanayorushwa na mguu ukikimbia. Boti ikitulia sehemu hiyo iko juu ya maji, kwa hiyo haitakuzamisha nangani. Shika mguu kwa nyuma, utikise kushoto na kulia mtu mwingine akishika usukani. Kama kuna kucheza, bushi zimeisha na sili mpya peke yake haitasaidia. Kama haichezi, tembea nayo, pima kila mwezi, uifanye siku utakapotoa injini. Vijiko vitatu viandike kwenye daftari. Siku vikiwa glasi, utajua.

---

Kunduchi_Pwani

Imecheza kidogo sana, kama milimita mbili. Nimeandika.

Asanteni nyote. Mke wangu anasema tangu jana nimeacha kuamka usiku kuangalia upepo.

---

Ziwa_Mwanza

Wakuu, yangu nayo nimeiona. Nilipaka chaki chini ya pampu kama nilivyoambiwa, nikawasha. Dakika mbili tu, mstari mmoja umeoshwa kutoka kwenye katundu kadogo chini ya mwili wa pampu. Nilikuwa nafikiri hako katundu ni kasoro, nikataka kukaziba.

---

Fundi_Mtwapa

Usikazibe! Katundu hako kamewekwa makusudi. Kati ya sili ya maji na sili ya oili kuna nafasi, na katundu ndiko kanakotoa maji nje sili ya kwanza ikichoka. Ukikaziba, maji yatasukuma sili ya pili na kuingia kwenye beringi za pampu, na kwa baadhi ya injini yataingia kwenye oili.

Toa pampu, badilisha sili zote mbili. Kabla hujazipachika, pitisha ukucha kwenye shafti pale sili inapokaa. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, shafti imeliwa, na sili mpya itavuja ndani ya mwezi. Hapo nunua na shafti.

---

Ziwa_Mwanza

Umekwama. Nanunua na shafti.